Mtoto, Safari na Majengo ya Ibada: Mzazi, Umemwandaaje?

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, sahaba zake na wote waliofuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Kila shule zinapofungwa mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, ndugu zetu wenye uwezo husafiri na watoto wao. Zamani safari hizo ziliishia kwa bibi huko juu mlimani, au kwa jamaa wa Tanga na Pangani. Leo mambo yamebadilika. Wapo wanaovuka mpaka wa Holili kwenda Mombasa na Malindi. Wapo wanaokwenda Umra na kuunganisha siku chache za Istanbul au Cairo. Wapo wenye ndugu Oman, Uingereza na Ujerumani, nao huwaita watoto wakatembee. Wakirudi, simu hupita mkono kwa mkono barazani mwa msikiti: huyu amepigwa picha chini ya kuba la Aya Sofia, yule mbele ya kaburi lililonakshiwa, mwingine ndani ya kanisa lililojaa sanamu.

Hapo ndipo maneno yanapozuka. Kundi moja linasema kwamba safari hizo ni haramu, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kufunga safari isipokuwa kwa misikiti mitatu, na kwamba kumwonesha mtoto masanamu na makaburi ni kumlisha shirki kwa macho. Kundi la pili linajibu kwamba hayo ni matembezi tu, hayana uhusiano na dini, na mtoto aachwe afurahi. Hapa kwetu Old Moshi mjadala huu umefika mahali pa kuvunjiana heshima, hata mzazi mmoja akaambiwa mbele ya watu kwamba amemuuza mwanawe kwa tiketi ya ndege. Kwa hiyo jarida hili limeona ni wajibu kulisemea jambo hili kwa dalili, bila kumkejeli yeyote.

Msimamo wetu tunautanguliza ili msomaji asitafute. Makundi yote mawili yameshika nusu ya haki. La kwanza limeiona hatari, likafunga mlango ambao sheria haikuufunga. La pili limeuona uhalali, likasahau amana. Mtoto haendi kutembea tu. Macho yake yanasoma na moyo wake unaandika, na lisiloelezwa na baba litaelezwa na mtembeza wageni.

Asili ya jambo lenyewe

Allah (s.w.) ametuamrisha katika Qur'an, mahali pengi, tutembee katika ardhi na tutazame. Katika Surat al-Ankabut aya ya 20 tunaamrishwa tutazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Katika Surat ar-Rum aya ya 42 tunaamrishwa tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotangulia. Na katika Surat al-Hajj aya ya 46 tunafahamishwa kwamba kutembea huko kumekusudiwa kuzipa nyoyo akili na masikio usikivu. Basi kutembea na kutazama, kwa nia hiyo, ni ibada inayosahauliwa.

Ama Hadithi ya misikiti mitatu, nayo ni Msikiti Mtukufu wa Makka, Msikiti wa Mtume (s.a.w.) wa Madina na Msikiti wa Aqsa, ni Hadithi sahihi iliyomo katika Bukhari na Muslim, na hakuna wa kuipuuza. Lakini tuitazame walivyoifahamu wenyewe waliotangulia. Abu Hurayra (r.a.) alikwenda mlima wa Tur. Aliporudi alikutana na sahaba Basra bin Abi Basra al-Ghifari (r.a.), naye akamwambia kwamba lau angemkuta kabla hajatoka, basi asingekwenda, kisha akamsomea Hadithi hiyo. Habari hii imo katika Muwatta ya Imam Malik. Kinachozungumzwa hapo ni mtu kukusudia mahali kwa kuamini kwamba ibada ya hapo ina fadhila zaidi. Imam an-Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ametaja khitilafu ya wanavyuoni juu ya safari ya kwenda mahali pengine pa watu wema, na akapendelea kauli ya kutoharamisha. Sisi tunaona kuwa kauli ya kukataza safari ya kuyakusudia makaburi ndiyo yenye nguvu. Lakini hakuna mwanachuoni wa kutegemewa aliyesema kwamba Hadithi hii inazuia safari ya biashara, ya elimu, ya kuunga udugu, au ya kutazama na kuzingatia.

Kwa hiyo nia ndiyo inayopambanua. Anayempeleka mwanawe kwenye msikiti wa kale ili aone kazi ya mikono ya Waislamu waliotangulia, huyo yumo katika halali. Anayempeleka ili amfunge uzi kwenye dirisha la kaburi apate kufaulu mtihani, huyo amempeleka kwenye maangamizi, hata kama kaburi lenyewe lipo mtaa wa pili na hakulipa nauli.

Tuanze karibu

Wengi wetu hudhani kwamba mambo makubwa ya dini yako mbali. Mtoto wa Kitanzania anaweza kuijua Aya Sofia kwa picha asijue kwamba pale Kizimkazi, Unguja, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107. Asijue kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na kwamba magofu ya msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani yameorodheshwa na UNESCO tangu mwaka 1981. Huyo akipelekwa ng'ambo ataamini kwamba Uislamu ni kitu cha watu wengine, nasi tuliletewa tu makombo.

Ukivuka Taveta na kushuka hadi pwani ya Kenya, lipo gofu la Gedi, karibu na Malindi, lililoorodheshwa na UNESCO mwaka 2024. Ni mji mzima wa mawe ndani ya msitu: msikiti wa Ijumaa, visima, nyumba, vyoo, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Mji huo ulihamwa kufikia karne ya 17. Mtoto asimame penye mihrabu ya msikiti ule usio na paa, aulizwe: walikwenda wapi waliokuwa wakisujudu hapa? Atalijibu mwenyewe, na jibu lake litamfaa kuliko khutba tatu.

Mombasa kuna Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Waomani waliiteka mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Ndani yake imehifadhiwa michoro ya mkaa na rangi waliyochora wanamaji wa Kireno ukutani, ya merikebu na watu. Lakini kisa ambacho kila mzazi anapaswa kumsimulia mwanawe akiwa ndani ya kuta zile ni cha Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614 kwa njama za Wareno. Mtoto akachukuliwa akiwa mdogo mno, akapelekwa Goa, Bara Hindi, akalelewa na mapadri wa Shirika la Augustino, akabatizwa na kuitwa Jerónimo. Akaozwa mwanamke Mkristo, akarudishwa Mombasa akiwa mtawala chini ya Wareno. Inasimuliwa kwamba alionekana akimwombea dua baba yake kaburini kwa desturi ya Kiislamu, na habari ikapelekwa kwa mkuu wa ngome. Mwezi wa Agosti mwaka 1631 akamuua mkuu huyo, akaitwaa ngome na kurejea kwenye jina lake na dini yake.

Hatukitaji kisa hiki kwa kushangilia damu iliyomwagika, kwani waliuawa pia wasiokuwa askari, na Uislamu una mipaka yake vitani. Tunakitaja kwa sababu kinajibu swali letu. Mtoto yule alipelekwa ng'ambo akiwa hana mlezi wa kumweleza lolote, akaoneshwa makanisa yenye fahari, akafundishwa ibada isiyokuwa ya wazazi wake, na bado kile kidogo alichokipata nyumbani kwao kilibaki moyoni kikimngojea. Ikiwa malezi ya miaka michache ya utotoni yana nguvu kiasi hicho, mzazi hana sababu ya kuogopa safari ya siku kumi. Linalostahili kuogopwa ni kumtoa nyumbani mtoto ambaye hakupandikizwa kitu.

Na anayekwenda Kampala asiipite Namugongo bila kuuliza. Mahali hapo panajulikana duniani kwa mashahidi wa Kikristo waliochomwa mwaka 1886. Wachache wanajua kwamba miaka kumi kabla yake, mwaka 1876, Kabaka Mutesa aliwaua Waislamu wapatao 70 waliokataa kula nyama iliyochinjwa na wasiokuwa Waislamu na kukataa kuswali nyuma yake. Mtoto ajue kwamba wenzetu wana watu waliokufa kwa ajili ya imani yao, na sisi tunao, ingawa wa kwetu hawatajwi.

Cairo: siku moja, masomo matatu

Tuliosoma katika nchi za Kiarabu tunafahamu kwamba Cairo ni mji ambao mtoto anaweza kufundishwa mengi ndani ya siku moja, au kupotoshwa mengi. Katika eneo la Fustat upo Msikiti wa Amr bin al-As (r.a.), ulioasisiwa mwaka 21 Hijria, wa kwanza nchini Misri. Hapo hapo jirani lipo kanisa la kale la Wakibti liitwalo al-Muallaqa, na sinagogi la Ben Ezra. Mzazi amweleze mwanawe kwamba majirani hawa wameishi chini ya utawala wa Kiislamu kwa zaidi ya miaka elfu moja na majengo yao yangali yamesimama. Hilo ni somo la kwanza, nalo ni jibu kwa wanaodai kwamba dini hii haikuenea ila kwa kubomoa.

Somo la pili limo katika jumba la makumbusho ya ustaarabu lililopo Fustat hiyo hiyo, ambako tarehe 3 Aprili 2021 ilihamishiwa miili 22 ya wafalme na malkia wa Misri ya kale. Mtoto atauliza: yupi kati ya hawa ni Firauni wa Nabii Musa (a.s.)? Na hapa tunawaomba wazazi na wahadhiri wetu wamche Allah. Imeenea katika mihadhara yetu, tangu vilipoanza kusomwa vitabu vya daktari Mfaransa Maurice Bucaille, kwamba mwili fulani pale Cairo umethibiti kuwa ndio wake, na wengine huongeza kwamba uliopolewa baharini. Ukweli ni kwamba mwili wa Ramses wa Pili ulitolewa mwaka 1881 katika maficho ya makaburi huko Luxor, na ule wa Merneptah ulipatikana mwaka 1898 katika kaburi la mfalme mwingine, Bonde la Wafalme. Qur'an, katika Surat Yunus aya ya 92, imetupa habari kwamba mwili wake utasalimishwa uwe ishara kwa watakaokuja baada yake. Haikumtaja jina, wala haikututajia jumba la makumbusho. Sisi tunaiamini aya kama ilivyo, na hatuhitaji kuitafutia maiti ya kuitegemeza. Mtoto anayefundishwa kuitegemeza imani yake kwa hoja dhaifu, siku atakapogundua udhaifu wa hoja ataushuku ukweli wenyewe. Aambiwe: hawa ni wafalme waliodai ukubwa, tazama walivyokauka, na Allah ndiye ajuaye yupi ni yupi.

Somo la tatu ndilo zito zaidi kwetu Waafrika Mashariki, ambao wengi wetu ni wafuasi wa madhehebu ya Imam ash-Shafii (Allah amrehemu). Imamu huyu alifariki mwaka 204 Hijria na kuzikwa Cairo. Mwaka 608 Hijria, yaani 1211, Sultani al-Kamil wa Bani Ayyub alijenga juu ya kaburi lake kuba kubwa la mbao, lenye mashua ya shaba kileleni. Nakshi zake ni za kustaajabisha, na ukarabati wake mkubwa ulikamilika mwaka 2021. Mtoto ataipenda ile mashua. Lakini pia ataona watu wanaoshika uzio wa kaburi wakiomba, na desturi ya kumwandikia marehemu barua za mashitaka na haja inajulikana hapo kwa muda mrefu.

Basi hapo ndipo mahali pa kumwambia mwanao jambo ambalo mtembeza wageni hatamwambia: Imam ash-Shafii mwenyewe, katika Kitab al-Umm, ameandika kwamba anapendelea kaburi lisijengewe wala lisipakwe chokaa. Jengo lile halikuamriwa na aliyelala ndani yake. Tunamheshimu Imamu kwa kusoma vitabu vyake na kumwombea rehema, wala hatumwombi yeye. Mtoto wa miaka tisa analielewa jambo hili likisemwa polepole. Na akilielewa akiwa amesimama pale pale, hutahitaji kumfokea tena akiwa mkubwa.

Istanbul: picha ukutani na vitu kabatini

Aya Sofia ilijengwa na mfalme Justinian kati ya mwaka 532 na 537 iwe kanisa. Ikawa msikiti mwaka 1453, ikafanywa makumbusho katika miaka ya 1930, na ikarejeshewa swala ya Ijumaa tarehe 24 Julai 2020. Tangu Januari 2024 watalii wa kigeni huingia ghorofa ya juu kwa kulipa euro 25, na wanaokwenda kuswali huingia chini bila malipo. Ndani yake kuna picha za vijiwe vya rangi za Nabii Isa (a.s.) na mama yake Bibi Maryam, na zile zinazoelekea upande wa kibla hufunikwa kwa pazia wakati wa swala.

Mtoto atauliza: kama ni msikiti, mbona kuna picha? Na kama ni haramu, mbona hazikufutwa? Maswali haya ni mazuri, na mzazi asiyajibu kwa kusema nyamaza. Amweleze kwamba Waislamu hawachori Mitume wala hawaswali wakielekea picha, na kwamba hizi walizikuta. Watawala waliotangulia walizifunika kwa plasta, na wa leo wanazifunika kwa pazia. Kisha amwambie kwamba hakuna ajuaye sura ya Nabii Isa (a.s.), basi mchoraji alichora alichokidhania yeye. Tukumbuke kwamba Bibi Aisha (r.a.) alipokuwa mdogo alikuwa na wanasesere wake wa kuchezea na Mtume (s.a.w.) hakumkataza, lakini alipotundika pazia lenye picha aliliondoa. Dini yetu inatofautisha mchezo wa mtoto na kitu kinachotukuzwa, na mtoto akioneshwa tofauti hiyo ataishika.

Jirani na hapo lipo Kasri la Topkapi. Huko huoneshwa vitu vinavyonasibishwa na Mitume: fimbo inayosemwa kuwa ya Nabii Musa, kilemba kinachosemwa kuwa cha Nabii Yusuf, upanga unaosemwa kuwa wa Nabii Daud (a.s.). Wapo Waislamu wanaolia mbele ya makabati hayo. Sisi tunasema: mwanafunzi wa madrasa aliyefundishwa kwamba Hadithi haikubaliwi ila kwa isnadi, hana budi kuuliza isnadi ya fimbo. Ni nani aliyeipokea kwa nani, kwa maelfu ya miaka? Swali hilo akiliuliza kwa adabu amefaulu somo la Mustalah kuliko aliyehifadhi istilahi zake bila kuzitumia.

Na kipimo cha yote hayo tunakipata kwa Sayyidna Umar (r.a.) pale Makka, aliposema mbele ya Jiwe Jeusi kwamba anajua kuwa hilo ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na lau asingemwona Mtume (s.a.w.) akilibusu asingelibusu. Ikiwa hiyo ndiyo hali ya jiwe la Al-Kaaba, basi vipi nguzo, kuba na fimbo? Mzazi anayemchukua mwanawe Umra amsimulie maneno hayo kabla hawajaanza kutufu. Amwambie vilevile habari ya yule mama aliyemwinua mtoto wake akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama huyu ana Hija, akajibiwa kuwa anayo, na mama ana ujira. Mtoto ajue kwamba katika safari ile yeye ni mwenye ibada yake, si mzigo wa kubebwa.

Makanisa na sisi watu wa mlimani

Sasa tuliseme lile ambalo wengine hulikwepa. Je, mzazi Mwislamu amuingize mwanawe katika kanisa mashuhuri ili aone michoro yake?

Wanavyuoni wamekhitilafiana. Wapo waliokataza, wapo waliochukiza penye picha, na wapo walioruhusu kuingia bila kushiriki ibada. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliwaambia Wakristo wa Sham kuwa Waislamu hawaingii makanisa yao kwa sababu ya picha zilizomo, na kwamba Ibn Abbas (r.a.) aliswali katika kanisa lisilokuwa na masanamu. Kutokana na hayo tunasema: kuingia wakati wa misa, kuinama mbele ya sanamu, kuwasha mshumaa au kuchovya maji yao, hayo hayana ruhusa, kwa mkubwa wala mdogo. Ama kutazama jengo nje ya wakati wa ibada, kwa ajili ya elimu, ni jambo lenye wasaa wa rai. Asiyetaka asilazimishwe, na aliyeingia asifanywe kafiri.

Lakini izingatiwe Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim. Bibi Umm Salama na Bibi Umm Habiba (r.a.), waliokuwa wamehamia Uhabeshi, walimtajia Mtume (s.a.w.), katika maradhi yake ya mwisho, kanisa waliloliona huko na uzuri wa picha zake. Mtume (s.a.w.) hakuwalaumu kwa kuwa waliliona. Aliwafundisha chanzo chake: kwamba watu wale, anapokufa mtu mwema kati yao, hujenga juu ya kaburi lake mahali pa ibada na kuchora picha zile, na akaeleza ubaya wa kitendo hicho mbele ya Allah. Huu ndio mfano wetu wa malezi. Kwanza waliona, wakasema wazi walichokiona na kwamba kilikuwa kizuri, kisha wakaelezwa.

Hapa Old Moshi jambo hili si la nadharia. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na kengele za makanisa tunazisikia kama wenzetu wanavyoisikia adhana yetu. Hakuna ukoo mkubwa wa Kichaga usio na Wakristo na Waislamu ndani yake. Mtoto wetu ana babu Mlutheri na shangazi Mkatoliki, na msalaba anauona ukutani kila anapokwenda kusalimia. Anayedhani kwamba atamlinda mtoto huyo kwa kumfumba macho ng'ambo amesahau kwamba nyumbani macho yake yako wazi. Anachohitaji ni maneno: aweze kusema tunachokiamini kuhusu Nabii Isa (a.s.), kwa nini hatusujudii picha, na aseme bila kumtukana babu yake. Surat al-An'am aya ya 108 imetukataza kuwatukana wale wanaoombwa kinyume cha Allah, wasije nao wakamtukana Allah kwa uadui na ujinga. Basi mtoto asicheke mbele ya sanamu, asiguse, asipige kelele. Mwanahistoria Mkristo Said bin Batriq, aliyekuwa Patriaki wa Alexandria, ametuhifadhia habari kwamba Sayyidna Umar (r.a.) akiwa Baytul Maqdis hakuswali ndani ya Kanisa la Kiyama, bali nje kwenye ngazi, kwa kuchelea Waislamu wasije wakalinyang'anya kwa hoja kwamba Umar aliswali hapo. Adabu hiyo inasimuliwa na asiyekuwa katika dini yetu. Je, watasimulia nini juu ya watoto wetu?

Makumbusho ya Ulaya

Wenye jamaa Ujerumani wanajua kwamba Berlin kuna hazina kubwa ya sanaa ya Kiislamu: mihrabu kutoka Kashan ya mwaka 1226, na ukuta wa nakshi wa kasri la Mshatta la Bani Umayya, ambao Sultani Abdul Hamid wa Pili alimzawadia Kaisari mwaka 1903. Jumba lake, Pergamon, limefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023. Litakapofunguliwa watoto wetu watapelekwa, na ni vema. Lakini mtoto wa Old Moshi asiingie katika majumba ya Berlin kama mtoto mwingine yeyote. Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa hapa kwetu na Wajerumani, pamoja na viongozi wenzake, na ukoo wake umelitafuta fuvu lake Ujerumani kwa miaka mingi. Mwaka 2023 taasisi ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu matatu na jamaa walio hai Tanzania, moja likihusishwa na ukoo wa mshauri wa Mangi Meli. Mtoto afundishwe kuuliza kila kitu kilichowekwa kabatini: kilifikaje hapa, kwa zawadi, kwa biashara au kwa upanga? Mihrabu iliyong'olewa msikitini ni nzuri machoni, lakini ilitengenezwa ili mtu asimame mbele yake aswali, na sasa watu husimama mbele yake kupiga picha. Hilo mtoto alihisi.

Nasaha zetu

Kwa wazazi tunasema haya. Anayedaiwa Hija na ana uwezo, asitangulize utalii, kwani faradhi haingojei. Mwenye kusafiri na mtoto amfundishe kwanza mambo manne: swala ya msafiri, namna ya kutafuta kibla, nyiradi za safari, na maneno machache juu ya kila mahali atakapofika. Aisome mwenyewe habari ya mahali hapo kabla ya kuondoka. Simu iwekwe mfukoni muda wa kutosha mtoto atazame kwa macho yake. Jioni aulizwe ameona nini, kimemvutia kipi na kimemtatiza kipi, na ajibiwe. Asichokijua mzazi aseme Allah ndiye ajuaye, kisha akaulize wenye elimu.

Penye makazi ya walioangamizwa, kama vile al-Hijr ya watu wa Thamud, ambayo sasa imefunguliwa kwa watalii nchini Saudi Arabia, akumbushwe kwamba Mtume (s.a.w.) alipopita hapo akielekea Tabuk alifunika kichwa na kuharakisha, akawakataza sahaba zake kuingia isipokuwa wakiwa ni wenye kulia. Hapo si mahali pa mbio wala vicheko.

Kwa walimu wenzetu wa madrasa tunasema: tusiwe wepesi wa kuharamisha yale tusiyoyatengenezea badala. Mtoto akirudi kutoka Istanbul na swali, darasa ndilo linalopaswa kulipokea. Tumpe nafasi awasimulie wenziwe, kisha mwalimu akamilishe. Na wale wasiokuwa na nauli, ambao ndio wengi, wasione kwamba elimu hii imewapita. Madrasa kadhaa zikichangishana, basi moja la siku tatu linaweza kuwafikisha watoto wetu Mombasa na Gedi wakarudi wakiwa wameona zaidi ya aliyezunguka Ulaya akiwa na vifaa vya muziki masikioni. Tunaziomba kamati za misikiti ya Moshi zilijadili pendekezo hili kabla ya likizo ijayo, na jarida hili litazipokea rai zenu.

Na kwa wale walioambiana maneno makali tunasema: aliyesema kwa uchungu wa dini, uchungu wake una thamani, ila ulimi wake umtangulize ndugu yake. Akamtake radhi. Na aliyesafiri na mwanawe, amkalishe jioni hii amuulize aliona nini.

Tunamwomba Allah (s.w.) azijaalie safari zetu ziwe za kuzingatia, awahifadhi watoto wetu na kila lenye kuziharibu nyoyo zao, na atujaalie sisi na wao tawhid safi hadi siku ya kukutana Naye. Amin.

Wabillahi tawfiq.